TDHS, MTUHA au utafiti wa ufuatiliaji: kuchagua takwimu za lishe na afya kwa anayeandika kuhusu Dar es Salaam

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na ndani ya nyumba moja ya kupanga ya Manzese au Mbagala si ajabu kukuta mtoto aliyedumaa, mama mwenye upungufu wa damu na bibi anayemeza dawa za presha. Anayetaka kueleza hali hiyo kwa takwimu, awe mwanafunzi wa uzamili pale Muhimbili, afisa lishe wa manispaa au mwandishi wa habari, hakosi takwimu. Anachokosa mara nyingi ni namna ya kuamua atumie zipi, kwa kuwa vyanzo ni vingi, kila kimoja kina namba yake, na namba hizo hazifanani hata pale zinapobeba jina moja.

Nauweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo. Kwa mwelekeo wa miaka mingi, tegemeo liwe TDHS, yaani Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Kwa uamuzi wa manispaa, kata au kituo, hakuna pa kukimbilia isipokuwa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa zinazokusanywa vituoni, pamoja na kasoro zake zote. Kwa magonjwa yasiyoambukiza ya watu wazima, hakuna chanzo kimoja kinachojitosheleza. Na jambo ambalo ningemwomba kila mtafiti aliepuke ni kuchukua namba ya chanzo kimoja na namba ya chanzo kingine, akaziunganisha kwa mstari mmoja kwenye mchoro na kuuita huo mwelekeo.

TDHS na Utafiti wa Kitaifa wa Lishe

TDHS ya kwanza ilifanyika 1991-92, na za karibuni zaidi ni za 2004-05, 2010, 2015-16 na 2022. Faida yake kubwa ni kwamba maswali, vipimo na namna ya kuchagua kaya hubadilika kidogo sana kutoka awamu moja hadi nyingine. Mwaka 2022 wadadisi walifika katika maeneo 629 ya kuhesabia watu na kufanya mahojiano katika kaya 15,705, ambamo wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa. Kwa mfululizo huo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka kutoka asilimia 44 mwaka 2004-05 hadi 42 mwaka 2010, kisha 34 mwaka 2015-16 na 30 mwaka 2022.

Hata hapo pana mtego. Ukiifungua ripoti yenyewe ya 2004-05 hutaikuta asilimia 44, utakuta 38. Sababu ni kwamba ripoti ile ilitumia rejea ya zamani ya ukuaji wa watoto, na Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya mwaka 2006. Data zilezile zilipopigiwa hesabu upya kwa viwango vipya, 38 ikawa 44. Mtu anayechukua 38 kutoka ripoti moja na 42 kutoka ripoti ya 2010 atatangaza kwamba udumavu uliongezeka katika miaka ile, wakati ukweli ni kwamba ulipungua. Hakuna aliyedanganya, na namba zote mbili zimechapishwa rasmi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha ripoti mbili za udumavu, kagua kwanza viwango vya ukuaji vilivyotumika, na kama moja ni ya kabla ya 2006, tumia jedwali la mwelekeo lililomo katika ripoti mpya, ambalo kwa kawaida hurekebisha namba za nyuma.

Ubora wa namba hizi unategemea kazi ambayo wasomaji wengi wa ripoti hawajaiona ikifanyika. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa juu ya ubao, na aliyetimiza miaka miwili hupimwa akiwa amesimama. Kazi inahitaji watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao cha chini hadi kwenye nyayo. Tofauti ya kulala na kusimama kwa mtoto yuleyule ni takriban sentimita 0.7, nayo lazima irekebishwe pale mtoto alipopimwa kwa mkao usio wa umri wake. Msichana aliyesukwa nywele kwa juu anaongezeka urefu asiokuwa nao, na fundo la nywele lisipofunguliwa au kubanwa vizuri, anaweza kuhesabika kuwa hajadumaa. Kwa mtoto wa miaka miwili, sentimita tatu hivi ndizo hatua nzima moja kwenye kipimo cha kitakwimu kinachotenganisha mtoto wa kawaida na aliyedumaa, kwa hiyo kosa la sentimita moja ni theluthi ya hatua hiyo. Umri nao ukikosewa kwa miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mama hakumbuki tarehe na kadi ya kliniki imepotea, urefu uliopimwa kwa makini unakuwa hauna maana. Ndiyo maana napendelea tafiti zinazofundisha wapimaji kwa siku nyingi, zikawapa mtihani wa kupima watoto walewale mara mbili, na kuchapisha matokeo ya ukaguzi huo.

Utafiti wa Kitaifa wa Lishe, unaofanywa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na UNICEF, unapita njia inayokaribiana na hiyo. Uliofanyika 2014 ulipata udumavu wa asilimia 34.7 na wa 2018 ukapata 31.8. Dodoso lake ni fupi, umejikita kwenye lishe, na ulikusudiwa kutoa picha ya kila mkoa. Ukiwa na swali la lishe peke yake, na hasa ukitaka kulinganisha mikoa kwa miaka ile, huu unafaa. Ukitaka kujua udumavu unahusiana vipi na elimu ya mama, nafasi kati ya mtoto na mtoto, malaria au mahali alikojifungulia, TDHS inakupa vyote hivyo kwa kaya ileile, na hapo haina mshindani.

Tafiti zote mbili zina mpaka mmoja ambao mtu wa Dar es Salaam anapaswa kuutazama kwa makini. Mkoa mzima huwakilishwa na maeneo machache tu ya kuhesabia watu. TDHS ya 2015-16 ilipata udumavu wa takriban asilimia 15 kwa Dar es Salaam na 56 kwa Rukwa, na pengo la ukubwa huo halina ubishi wowote. Lakini mtu akisema udumavu wa Dar es Salaam umepanda au umeshuka kwa pointi tatu kati ya awamu mbili, amwambie msomaji pia kosa la sampuli, kwa sababu pointi tatu kwa mkoa mmoja zinaweza kutokana na bahati ya kaya zilizochaguliwa tu. Kuigawa sampuli hiyo tena kati ya Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni hakufai kabisa. Nimewahi kusoma maandiko ya maombi ya fedha yaliyofanya hivyo, na inasikitisha, kwa kuwa fedha huenda zikaelekezwa kwenye wilaya ambayo namba yake haina msingi.

Msimu nao ni wa kuangaliwa. Mahojiano ya TDHS ya 2015-16 yalianza Agosti 2015 na kumalizika Februari 2016, na ya 2022 yalifanyika kati ya Februari na Julai. Udumavu hujijenga kwa miaka, kwa hiyo haubadiliki sana kwa msimu. Ukondefu, yaani uzito mdogo kuliko unaolingana na urefu wa mtoto, hubadilika kwa wiki chache za kuhara au njaa, na kulinganisha ukondefu wa miezi ya masika na wa miezi ya kiangazi kunahitaji tahadhari.

MTUHA: namba za kila mwezi, za kila kituo

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya ni jambo tofauti kabisa. Hauchagui kaya. Unahesabu watu waliofika kituoni, kutoka zahanati ya mtaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na tangu mwaka 2013 taarifa zake zinaingizwa kitaifa kwenye DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muuguzi anaandika kwenye kitabu, Kitabu Namba 6 kwa wajawazito na Namba 7 kwa watoto, mwisho wa mwezi anajumlisha tali, na fomu inakwenda halmashauri. Kwa njia hii afisa lishe wa Temeke anaweza kuona mwezi uliopita kituo kipi kimepata watoto wengi wenye uzito pungufu, jambo ambalo TDHS haitamwonyesha hata akisubiri miaka kumi.

Swali la kwanza la kuuliza ni nani anafika kliniki. Watoto wengi huletwa kwa sababu ya chanjo, na mahudhurio hupungua baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, na zaidi baada ya ile ya miezi 18. Umri ambao udumavu unazidi kuonekana ndio huohuo ambao mtoto haonekani kliniki. Isitoshe, siku ya kliniki yenye foleni ndefu mtoto hutundikwa kwenye mizani ya kuning'inia na uzito wake kuandikwa kwenye kadi, lakini urefu haupimwi kila mara, kwa kuwa ubao unahitaji watu wawili na dakika ambazo muuguzi hana. Kwa hiyo MTUHA inafaa zaidi kwa uzito pungufu kuliko kwa udumavu, na mtu asichukue asilimia ya udumavu ya DHIS2 na kuiweka kando ya ile ya TDHS kana kwamba ni kitu kimoja.

Wajawazito ni habari nyingine, na hapa naona MTUHA haijapewa uzito inaostahili. TDHS ya 2015-16 ilionyesha kwamba asilimia 98 ya wanawake waliojifungua walikuwa wamehudhuria kliniki kwa mtaalamu angalau mara moja. Kundi linalofika kwa kiwango hicho linakaribia kuwa jamii nzima, na ndiyo sababu kipimo cha malaria cha hudhurio la kwanza hutumika kufuatilia maambukizi nchini. Wingi wa damu nao hupimwa katika mahudhurio hayo. Mtafiti wa upungufu wa damu jijini anaweza kupata mfululizo wa kila mwezi, kata kwa kata, bila kulipa mdadisi hata mmoja. Masharti ni mawili. Kwanza ahesabu waliopimwa, asigawanye kwa waliohudhuria, kwa kuwa vitendanishi vikiisha kituoni wasiopimwa wataonekana kama wazima. Pili, azingatie umri wa mimba: damu huwa nyepesi kadiri mimba inavyokua, na katika utafiti uleule wa 2015-16 ni asilimia 24 tu waliofika kabla ya mwezi wa nne. Wanawake wakianza kuwahi kliniki, wastani wa damu utapanda hata kama chakula chao hakijabadilika.

Tatizo la pili la MTUHA ni mgawanyo, yaani ile idadi ya watu inayowekwa chini ya mstari. Chanjo za kata moja zinaweza kuonekana zimefika asilimia 120, na mgeni akadhani kuna udanganyifu. Mara nyingi sababu ni makadirio ya watu yaliyotokana na sensa iliyopita. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 nchi ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, na Dar es Salaam kutoka 4,364,541 hadi milioni 5.38, lakini ongezeko hilo halikuenea sawa: kata za pembezoni zilizokuwa mashamba zimejaa nyumba. Halafu watu hawafuati mipaka ya kiutawala. Mama wa Mkuranga anajifungulia Mbagala, mama wa Kinyerezi anakwenda kujifungulia kwao Moshi, na mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Amana anaendelea na kliniki Kibaha. Ukitumia MTUHA kwa mwelekeo, linganisha kituo na kituo hichohicho mwaka hadi mwaka, na angalia kwanza kama vituo vyote vilituma taarifa. Vituo binafsi, ambavyo jijini ni vingi, vikichelewa mwezi mmoja mstari utashuka bila mtoto yeyote kupona.

Chakula chenyewe

Vyanzo nilivyovitaja hupima miili. Anayetaka kujua watu wanakula nini na kwa fedha kiasi gani ana njia mbili kuu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017-18 ulipata kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8.0 chini ya ule wa chakula. Utafiti wa Kufuatilia Kaya, ulioanza 2008-09, unarudi kwa kaya zilezile, hata zikihama, na kuuliza matumizi ya siku saba zilizopita. Kwa swali la nini kilibadilika kwa familia fulani bei ya unga ilipopanda, wa pili ni bora zaidi kwa mbali, kwa sababu unaiona familia ileile kabla na baada.

Kwa Dar es Salaam nina shaka moja na zote mbili. Wafanyakazi wengi hapa hunywa chai na maandazi njiani, hula mchana kwa mama lishe, na jioni watoto hununuliwa chipsi kwenye kona ya mtaa. Anayejibu dodoso nyumbani hajui vizuri mumewe alikula nini Kariakoo, na chakula cha nje huandikwa kwa jumla ya fedha, si kwa gramu za mafuta, sukari na chumvi. Kwa utafiti wa mafuta na chumvi jijini ningeanza na mahojiano ya mtu mmoja mmoja kuhusu saa 24 zilizopita, hata kama sampuli itakuwa ndogo.

Watu wazima, presha na sukari

Hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu. TDHS inaonyesha wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wakiongezeka kutoka asilimia 18 mwaka 2004-05 hadi 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015-16. Ni mfululizo mzuri, lakini unaishia umri wa miaka 49, na presha huanza kuumiza wengi baada ya hapo. Utafiti wa STEPS wa 2012, unaofuata mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64, wanaume kwa wanawake, na kupata asilimia 26 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, asilimia 25.9 wenye presha na asilimia 9.1 wenye kisukari. Mtu akiweka 26 ya 2012 kati ya 22 na 28 za TDHS ataona zinapangana vizuri, na atafurahi bure, kwa sababu ya STEPS imechanganya wanaume, imewaacha wasichana na imewaingiza wazee. STEPS inafaa kueleza ukubwa wa tatizo kwa wakati mmoja, na mwelekeo upatikane kwa kulinganisha STEPS na STEPS.

Anayetaka kujua nani anaugua na kwa nini, badala ya wangapi, atafute utafiti wa ufuatiliaji wa jamii. Dar es Salaam ina historia ndefu ya kazi hiyo: mradi wa AMMP ulianza 1992 ukifuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu za jiji, Hai na Morogoro Vijijini, kwa kuwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili za mwisho, nao ulikuwa kati ya kazi za mwanzo kuonyesha kwamba kiharusi kinaua Watanzania wengi kuliko ilivyodhaniwa. Tangu 2011 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na washirika wake wamekuwa wakifuatilia wakazi zaidi ya 100,000 wa Ukonga na Gongo la Mboto. Ni chanzo cha thamani sana, kwa kuwa mtu aliyepimwa mwaka huu anajulikana kesho alihamia wapi au alifariki kwa nini. Ila Ukonga si Masaki wala Kigamboni, na matokeo yake yasitangazwe kama asilimia ya jiji zima.

Makadirio ya kimataifa yanayotoa namba kwa kila mwaka na kila nchi ningeyaweka mwisho. Mstari wake ni laini kwa sababu miaka isiyo na utafiti imejazwa kwa modeli. Kulinganisha Tanzania na jirani, ni afadhali kutumia tafiti za aina moja: za 2022 zinaonyesha udumavu wa asilimia 30 Tanzania na 18 Kenya, na mbinu ni ileile.

Upatikanaji nao uamue jambo. Ripoti za TDHS, sensa na tafiti za kaya zinasomeka bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mpango wa kimataifa uliokuwa ukiisaidia TDHS kitaalamu ulikatiwa ufadhili na serikali ya Marekani mwaka 2025, kwa hiyo asiwepo wa kupanga shahada yake kwa kutegemea awamu ijayo itoke kwa tarehe fulani. Data za DHIS2 na za ufuatiliaji zinahitaji barua, kibali cha maadili na subira. Peleka ombi mapema, ukitaja viashiria na miezi unayohitaji badala ya kuomba kila kitu. Na anayefuatilia upungufu wa damu aandike kila mara kiwango alichotumia kutenganisha mzima na mgonjwa, maana mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango hicho hadi gramu 10.5 za himoglobini kwa desilita ya damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Asilimia 58 ya mwaka 2015-16 na 59 ya mwaka 2022 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 zilihesabiwa kwa kiwango cha zamani, na awamu ijayo italinganishwa nazo kwa haki pale tu zitakapohesabiwa upya kutoka data ghafi.